Kisahani Namba Arobaini na Moja

"Panda kama ulivyopanda Jumamosi ile," alisema Elieshi.

Mzee Zacharie Kalunga alishika vyuma viwili vya pembeni, akatanguliza mguu wa kushoto, akaingia kwenye chumba cha dereva bila kutazama chini. Alikuwa na miaka sitini na sita, na alipanda kama mtu anayeingia jikoni kwake. Injini ya treni ilikuwa imepoa kwa siku kumi na moja. Utepe wa polisi ulizunguka magurudumu, na chini ya gurudumu la pili la kushoto, unga wa mbao uliomwagwa kunyonya damu ulikuwa umegeuka rangi ya kahawa.

Elieshi Kaaya alipanda nyuma yake, daftari mkononi. Alikuwa mpelelezi wa polisi kwa miaka tisa, mzaliwa wa mtaa wa Rågsved, Stockholm, binti wa wazazi kutoka Arusha. Kesi hii alipewa kwa sababu moja ambayo mkuu wake hakuiandika popote: "Wewe unaongea lugha yao." Alimjibu kwamba Kiswidi cha mshukiwa huyu kingetosha kumfundisha mkuu mwenyewe kuandika ripoti. Mkuu akacheka. Faili likabaki mezani kwa Elieshi.

Kesho saa sita mchana mwendesha mashtaka angemshtaki Zacharie kwa kumjeruhi mtu kwa uzembe. Isipokuwa Elieshi angeleta jina jingine kabla ya hapo.

"Saa tatu kamili ulikuwa wapi, mzee?"

"Hapa. Moto ulikuwa umeshika. Nilikuwa natazama maji."

"Saa tatu na dakika ishirini?"

"Israël alikuja na kopo la mafuta. Akatundika kisahani chake hapa." Mzee aligusa chuma kirefu kilichokaa mbele ya kiti cha dereva, mkono unaofungulia mvuke uende kuzungusha magurudumu. "Akanionyesha, nikakiona. Akashuka, akaingia chini."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya Reli ya Kale ya Almviken, chama cha watu wanaojitolea kuendesha treni ya mvuke kwenye kilomita tisa za reli nje kidogo ya Stockholm. Kila mwanachama alikuwa na kisahani cha shaba chenye namba yake. Anayeingia chini ya injini anakitundika kwenye mkono wa mvuke. Kikiwa pale, injini haisogei hata upana wa kidole, na hakuna anayeruhusiwa kukiondoa isipokuwa mwenyewe. Cha Israël kilikuwa namba arobaini na moja.

Saa nne kasoro dakika nane, asubuhi ya Siku ya Mvuke, dereva aitwaye Stellan alimaliza kahawa yake, akapanda, akautazama mkono wa mvuke. Haukuwa na kisahani. Akapiga filimbi, akasogeza injini mita moja. Israël, fundi wa lifti mwenye miaka thelathini na mmoja, aliisikia filimbi. Hakuijali, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa imepigwa kila baada ya dakika kumi kuwafurahisha watoto wa wageni. Gurudumu lilimpitia mguu wa kushoto. Madaktari waliukata chini ya goti.

"Kuanzia hapo mpaka Stellan alipopanda?"

"Nilikuwa hapa."

"Hukushuka?"

"Sikushuka. Mtu wa moto haachi moto."

"Wenzako wote walikuwa kwenye kahawa."

"Waswidi wakiitwa kahawa, hata nyumba ikiwaka watamaliza kikombe kwanza." Alisema bila kutabasamu. "Mimi si wa vile."

"Basi nisaidie hesabu hii. Saa tatu na dakika ishirini kisahani kipo. Saa nne kasoro dakika nane hakipo. Katikati hapo chumba hiki kina mtu mmoja tu. Nani alikiondoa?"

"Sijui, mama."

"Hukuona kwamba hakipo?"

"Niliona, Stellan alipopanda. Nikafikiri Israël amemaliza kazi, amechukua kisahani chake, ameenda kahawa."

"Angekuja kukichukua hapa, pua kwa pua na wewe. Chumba hiki hakifiki mita tatu."

Zacharie aliutazama mlango wa tanuri. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko mlango uliofungwa unavyostahili.

"Mama inspekta, mimi nilianza kuchochea makaa kwenye reli ya Kalemie, Kongo, nikiwa na miaka kumi na minane. Hapa nimefanya kazi ya bure miaka sita. Sijachelewa siku moja. Andika: Zacharie hakushuka."

Elieshi aliandika. Chini yake akapiga mstari.

Mwendesha mashtaka alikuwa na mstari wake pia. Wiki mbili kabla ya ajali, baada ya ibada katika kitongoji cha Fisksätra, Zacharie na Israël walisikika wakigombana nje ya kanisa, mzee akimwambia kijana kwamba moto wa injini si wa kila mtu mwenye mikono. Israël alikuwa amejiandikisha kufanya mtihani wa kuchochea moto. Nafasi ni moja. Mzee mwenye wivu, kisahani kilichotoweka, hakuna shahidi. Hadithi ilijikunja vizuri kama shati lililopigwa pasi. Na watu wa nchi hii, Elieshi alijua, huipenda sana hadithi ambayo waliohusika wote wana ngozi moja.

"Mligombana kwa sababu ya mtihani?" aliuliza wakishuka.

"Nilimgombeza, ndiyo. Alikuwa anatupa makaa kama mtu anayelisha kuku. Na ule mtihani ni mimi nilimuandikisha. Uliza ofisini, mkono ule kwenye fomu ni wa nani."

Elieshi alikuwa ameshauliza. Mwandiko ulikuwa wa mzee. Mwendesha mashtaka alisema hilo halithibitishi kitu.

*

Gunvor alikuwa na miaka sabini na minane, na stoo ya chama ilikuwa ufalme wake. Alisugua shaba, alihesabu mataulo, alichemsha kahawa. Ukutani kwake kulikuwa na ubao wa visahani: kulabu sitini, kila moja na namba yake chini.

"Nimeshaongea na wenzako," alisema kwa Kiswidi, akiendelea kukunja matambara. "Unataka kahawa?"

"Hapana, asante. Polisi wa kwanza walipofika, namba arobaini na moja ilikuwa kwenye ubao huu. Kwenye kulabu yake."

"Ndiyo."

"Uliwaambia wenzangu kwamba ulikigusa kisahani hicho mara ya mwisho Ijumaa, ulipovisugua vyote."

"Ijumaa, ndiyo. Kila mwaka Ijumaa ya kabla ya sherehe."

Elieshi alitoa karatasi ya maabara. "Kuna alama tatu za vidole. Moja ya Zacharie, pembeni kabisa, kavu. Anasema ndiye aliyempa Israël kisahani asubuhi, na Israël anasema hivyohivyo. Ya pili ni ya Israël, kidole gumba chenye mafuta ya injini. Mafuta hayo aliyashika Jumamosi. Ya tatu ni yako, Gunvor. Nayo imekaa juu ya mafuta ya Israël."

Mikono ya bibi ilisimama.

"Kwa hiyo ulikigusa baada yake. Jumamosi. Nani alikitoa kwenye injini, ni wewe?"

"Mimi? Mimi sijapanda kwenye injini tangu nibadilishiwe nyonga." Alisema hivyo kwa hasira ya kweli, na Elieshi akaiamini hasira hiyo zaidi ya maneno. "Nilikihamisha tu. Ambulensi ilikuwa imeondoka. Nikaingia hapa, sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikaona kisahani kimetundikwa vibaya. Polisi walikuwa njiani. Vitu vinapaswa kuwa mahali pake wakubwa wanapokuja."

"Kilikuwa wapi?"

"Kwenye namba moja."

Elieshi alisogea hadi ubaoni. Kulabu ya kwanza, juu kabisa kushoto, usawa wa macho ya mtu mrefu, ilikuwa tupu.

"Kwa nini hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza kilikuwa wapi. Waliniuliza kilipo."

Elieshi alimeza jibu lililokuwa limefika kwenye meno. "Mtu anayefanya kazi chini ya injini anaweza kukosea kulabu?"

"Hawezi. Wanarudisha hata wakiwa wamefumba macho. Zacharie anakirudisha namba ikitazama mbele, ananyoosha na cha jirani yake." Bibi alianza tena kukunja tambara lilelile. "Anayeweka kwenye kulabu ya kwanza anayoiona tupu ni mgeni. Au ni mtu asiyewahi kukihitaji."

"Namba moja ni ya nani?"

"Ya mwenyekiti. Lakini chake hakikai hapa. Kiko ofisini kwake, kwenye fremu."

Elieshi alikuwa anageuka kuondoka alipoliona bango. Lilikuwa limekunjwa nyuma ya mlango, karatasi nene ya kung'aa. Alilikunjua kwa kidole kimoja. Zacharie alikuwa amesimama chini, mbele ya injini, beleshi jipya mkononi, ovaroli safi, akitazama kamera kama mtu anayesubiri daktari. Nyuma yake moshi. Juu yake maneno ya Kiswidi kwa herufi kubwa: RELI YA WOTE.

"Hii ilipigwa lini?"

"Jumamosi hiyohiyo. Mabango yalichapwa Jumatatu, kabla mtu hajakumbuka kuwazuia wachapaji. Mwenyekiti ameagiza tuyachome." Gunvor alitazama sakafu. "Ni karatasi nzuri. Nilifikiri nitafunikia rafu."

"Mwanga huu ni wa asubuhi."

"Ilikuwa wakati wa kahawa. Niliona kupitia dirisha. Mwenyekiti alimwita Zacharie ashuke. Zacharie alikataa kwanza, alikuwa anatikisa kichwa. Mwenyekiti akapiga makofi, hivi." Alipiga makofi mawili mepesi. "Kama mtu anavyoita mbwa anayempenda."

*

Claes Vendelgård alikuwa mwenyekiti mwenye mikono safi kuliko wote waliowahi kukiongoza chama cha reli. Ofisi yake ilinukia nta ya samani. Kofia ya dereva ilikaa juu ya rafu, na glavu nyeupe mbili zikiwa zimepangwa juu yake. Ukutani, ndani ya kioo, kilining'inia kisahani namba moja.

"Kinapendeza," alisema Elieshi. "Umewahi kukitumia?"

"Ni cha heshima."

"Hilo silo swali langu."

"Mimi ni mtu wa utawala, konstebo."

"Inspekta."

"Samahani. Inspekta." Alikunja mikono. "Nimeshasema niliyokuwa nayo. Ni msiba kwetu sote. Zacharie ni mtu mwema. Ila tunajua, wengine wametoka mahali ambapo usalama kazini unachukuliwa kwa namna nyingine. Sisemi vibaya. Ni suala la utamaduni."

"Saa tatu u nusu hadi saa nne kasoro kumi ulikuwa wapi?"

"Na wageni. Kahawa."

"Muda wote?"

"Nilitoka mara moja kuwasalimia watu uwanjani."

Elieshi aliweka kompyuta ndogo mezani, akaigeuza. Mpiga picha wa siku ile alikuwa amempa kadi nzima ya kamera ndani ya nusu saa, bila kuulizwa mara mbili. Claes alikuwa amemwomba azifute, naye alidhani ni kwa sababu ya huzuni tu.

"Picha kumi na nne. Kamera inaandika saa yake, nami nimeilinganisha na saa ya simu yake. Hii ni ya saa tatu na dakika thelathini na nane. Zacharie yuko chini. Tazama mlango wa chumba cha dereva nyuma yake. Hilo doa la manjano kwenye mkono wa mvuke ni nini?"

Claes hakutazama.

"Nitakusaidia. Tumelikuza. Ni kisahani. Namba inasomeka nusu yake. Sasa hii, dakika tatu baadaye. Huyu aliyevaa kofia na glavu nyeupe, aliyeshika mkono wa mvuke na kutabasamu, ni nani?"

"Hiyo ilikuwa ya kalenda."

"Na doa la manjano liko wapi?"

Nje, mtu alikuwa anafagia majani makavu. Ufagio ulipita mara nne, mara tano.

"Kilikuwa kinaning'inia mbele ya mkono wangu," Claes alisema hatimaye. "Mpiga picha alisema kinarudisha mwanga. Nikakitoa. Nikakirudisha stoo nilipokuwa naenda kwa wageni. Nilidhani kimesahauliwa."

"Hukutazama chini ya injini."

"Nilikuwa nimevaa suti."

"Kitabu cha sheria za usalama cha chama hiki, ukurasa wa kwanza, sheria ya kwanza. Nani aliiandika?"

Jina la Claes lilikuwa juu ya jalada.

"Siku kumi na moja," Elieshi alisema. "Umekaa siku kumi na moja ukimtazama mzee huyu akienda na kurudi kituo cha polisi."

"Yeye mwenyewe alisema hakushuka!" Claes alinyanyua uso, na kwa mara ya kwanza alionekana amepata pa kusimama. "Alisema hivyo mbele ya polisi. Alisaini. Ningemwita mwongo? Nilifikiri ana sababu zake. Nilimheshimu."

Elieshi alifunga kompyuta polepole, kwa sababu kama angeifunga kwa kasi aliyoitaka, kioo kingepasuka.

"Utamheshimu kwa maandishi," alisema. "Kesho saa mbili asubuhi, kituoni. Njoo na wakili."

Lakini alipofika mlangoni alikuwa ameshaliona tundu. Wakili yeyote mwenye akili angelikuta kabla ya chakula cha jioni. Picha zilionyesha kisahani kipo, kisha hakipo. Kukiri kwa Claes hakukuwa na shahidi wala saini. Kesho angekana, na faili lingekuwa na Zacharie aliyeapa kwamba hakutoka kwenye chumba kile. Kama Zacharie alikuwepo muda wote, basi alimwona mwenyekiti akitoa kisahani na akanyamaza. Kwa uongo wake mwenyewe, mzee alikuwa mshirika.

*

Alimkuta mzee ameketi kwenye benchi la stesheni ndogo, koti limefungwa hadi shingoni, akisubiri basi. Alimwekea bango mapajani.

Zacharie alilitazama. Kisha akaligeuza, uso wa picha ukatazama chini.

"Beleshi hili si langu," alisema. "Langu alisema ni chafu."

"Dakika ngapi, mzee?"

"Saba."

"Kwa nini umeniambia hukushuka? Ukweli ungekutoa kwenye kesi hii siku ya kwanza. Sheria ya chama ingekufukuza kwa kuacha moto, sawa. Lakini kufukuzwa kwenye kazi ya bure na kufungwa ni vitu viwili."

"Siogopi chama."

"Unaogopa nini?"

Treni ya kisasa ilipita upande wa pili wa miti, ndefu, haina sauti. Mzee aliisubiri ipite, ingawa haikuwa ikifunika sauti yake. Alipoongea tena, Kiswahili chake kilikuwa kimerudi Kalemie.

"Pélagie, mama yake Israël, hakutaka mutoto aje huku. Baba yake alikufia kwenye mgodi. Akaniambia, papa Zacharie, vyuma tena? Nikaenda kwake nyumbani, nikala chakula chake. Nikamwambia: mama, akiwa chini, mimi nitakuwa juu. Sitatoka pale hata dakika moja mpaka mutoto wako atoke. Njo nilimwambia vile. Kwa mdomo huu." Aligusa midomo yake kwa vidole viwili. "Wakinifunga, Pélagie atasema Zacharie alikosa bahati, ama Zacharie alionewa. Nikisaini karatasi yako kwamba nilishuka, atasema nini?"

"Atasema uliitwa na mkubwa wako."

"Mimi niko mwanaume, binti. Niliweza kukataa."

"Ulikataa. Gunvor alikuona."

"Mara moja. Pale kulikuwa batu ya serikali ya mtaa, na mabango, na yule anapiga makofi. Nikafikiri, nikishuka, kesho watatuona. Watajua tuko hapa, tunafanya kazi. Nilishuka kwa kiburi. Usiandike kwamba niliogopa. Andika kiburi."

Elieshi aliketi kando yake. Alikuwa na njia moja tu iliyobaki, na hakuipenda.

"Nisikilize, baba. Bila saini yako, Claes atakana. Atasema kisahani hakikuwepo alipopanda. Mtaalamu wao atasema lile doa kwenye picha ni mwanga wa jua kwenye shaba. Na mahakama ikikosa mtu wa kumbebesha lawama, ripoti itasema Israël hakutundika kisahani. Kwamba aliingia chini bila kutimiza sheria. Mguu umekatwa, na kosa ni la kwake mwenyewe."

"Alikitundika. Nilikiona kwa macho yangu."

"Ulikiona. Lakini wewe ndiye uliyeapa kwamba hukushuka, na hukushuka ni uongo. Nani atakuamini kwenye lile jingine?"

Basi lilifika. Dereva alifungua mlango, akasubiri, akamtazama mzee, akaufunga tena na kuondoka.

"Leta kalamu," Zacharie alisema.

Alisoma kila mstari kwa Kiswidi, kidole kikifuata maneno. Alimsahihisha mahali pamoja: Elieshi alikuwa ameandika "dakika kama saba." Alitaka "kama" iondoke. Kisha akasaini, jina lote, kwa herufi za shule ya masista.

"Sasa twende Fisksätra," alisema. "Asisome kwenye karatasi ya serikali. Nitamwambia mimi."

*

Pélagie alifungua mlango akiwa bado na aproni ya kazi. Alikuwa mpishi katika nyumba ya wazee na zamu yake ilikuwa imeisha saa nane. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, na nyuma yake, ukumbini, kiti cha magurudumu kilikuwa kimefunguliwa tayari, bado kikiwa na plastiki kwenye mikono. Israël alikuwa atoke hospitali Ijumaa.

"Papa Zacharie." Hakumnyooshea mkono. Alimtazama Elieshi. "Na polisi. Mumekuja kunipa habari gani tena?"

"Mama, mzee ana la kukuambia," alisema Elieshi. "Mimi nimekuja kukuhakikishia kwamba ni kweli. Israël hakukosea. Alitundika kisahani chake. Mwenyekiti wa chama ndiye aliyekitoa."

Uso wa Pélagie ulilegea, ukafunguka. Alishika fremu ya mlango. "Niliwaambia. Niliwaambia bote pale kanisani, mutoto wangu haiko mujinga. Na wewe, papa, bo wanasema ni wewe, mimi nilinyamaza, nilikuwa sijui. Unisamehe. Basi si wewe. Asifiwe Mungu. Ingieni, ingieni."

Elieshi alitamani waishie hapo. Ukweli wa kutosha ulikuwa umeshasemwa kwenye kizingiti kile. Kesi ilikuwa imekwisha. Alimgusa mzee mkono.

Zacharie hakuingia.

"Mama Israël, mimi sikuwa pale juu."

"Namna gani?"

"Yule bwana alipotoa kisahani. Kama ningekuwa juu, asingekitoa. Ningemkata mikono. Nilikuwa nimeshuka. Mutoto wako alikuwa chini, na mimi nilikuwa nimeshuka."

Pélagie aliacha fremu ya mlango. "Kwenda wapi?"

"Waliniita."

"Kwenda wapi, papa Zacharie?"

Jikoni kwake, kitu kilikuwa kinachemka na mfuniko ukigonga sufuria. Zacharie alivua kofia. Nywele zake zote zilikuwa nyeupe, na alisimama wima kabisa.

"Kupigwa picha," alisema.

Pélagie hakulia, na hakupiga kelele. Alimtazama kutoka viatuni hadi kichwani, taratibu, kama mtu anayekagua kitu alichoazimisha kikarudishwa kimevunjika. Elieshi alifungua mdomo kusema jambo juu ya mwenyekiti, juu ya makofi mawili, juu ya sheria. Pélagie alimnyamazisha kwa kiganja bila kumgeukia.

"Dakika ngapi?"

"Saba."

"Saba." Alirudisha mkono wake mlangoni, tayari kuufunga. "Na hiyo picha, papa, ilitoka muzuri?"